Ushindi 408 na Mizani ya Kuupimia: Uchambuzi wa Kazi ya Eddie Robinson

Mtu atakayefungua kumbukumbu za mpira wa Marekani akitaka kujua ni mwalimu gani wa vyuo aliyeshinda mechi nyingi kuliko wenziwe wote, hatapata jibu moja bali matatu, na kila jibu lina watu walishikiliao kwa nguvu. Wako wamtajao John Gagliardi wa chuo cha Saint John's katika jimbo la Minnesota, aliyestaafu mwaka 2012 akiwa ameshinda mechi 489. Wako wamtajao Joe Paterno wa Penn State, mwenye mechi 409. Na wako wasiokubali jina jingine ila la Eddie Robinson wa Grambling, Louisiana, aliyeacha kazi mwaka 1997 akiwa na mechi 408. Mkanganyiko huo ulizidi pale Paterno alipompita Robinson mwezi wa Oktoba 2011, kisha mwaka uliofuata chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kikamfutia mechi 111 kwa sababu ya jinsi chuo chake kilivyolichukulia shauri la msaidizi wake wa zamani aliyewadhulumu watoto, Robinson akarudi juu yake. Na mwezi wa Januari 2015 mechi zile zikarejeshwa, Robinson akashushwa tena, ilhali mwenyewe alikwisha kufariki dunia tangu Aprili 2007, wala haikuchezwa upya hata mechi moja.

Khitilafu hiyo ya hesabu imelifunika suala lililo kubwa kuliko yenyewe, nalo ni hili: kazi ya mwalimu aliyefundisha umri wake wote katika chuo cha Watu Weusi, na sehemu kubwa ya umri huo chini ya sheria za utengano wa rangi, yapasa ipimwe kwa kipimo gani? Rai zilizotolewa ni tatu. Ya kwanza husema hesabu ndiyo hakimu. Ya pili husema hesabu ile haina uzito kwa kuwa wapinzani walikuwa wa daraja la chini. Na ya tatu husema mechi ziwekwe kando, watazamwe watu aliowalea. Kila moja ina haki yake na ila yake, na hakuna itakayoeleweka kabla ya kujua mambo yalikotoka.

Asili ya mambo

Mpira unaozungumzwa hapa si kandanda, bali ni ule mchezo wa Kimarekani wa watu 11 kila upande, ambao mpira wake hubebwa na kurushwa kwa mikono, na ambao katika majimbo ya Kusini mwa nchi ile umepewa taadhima isiyopewa mchezo mwingine wowote. Vyuo vya Weusi, navyo, ni vile vilivyoasisiwa kabla ya mwaka 1964 kwa makusudi ya kuwasomesha Weusi. Vingi vilizaliwa katika miaka iliyofuata kwisha kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865, wakati ambapo milango ya vyuo vya Wazungu katika Kusini ilikuwa imefungwa kabisa, na hata leo vimesalia takriban 100. Mechi ya kwanza baina ya vyuo hivyo ilichezwa tarehe 27 Desemba 1892 mjini Salisbury, North Carolina, kati ya Biddle na Livingstone, na tangu hapo vikajijengea mashindano yao, vikombe vyao, bendi zao na mabingwa wao, si kwa sababu vilipenda kujitenga, bali kwa sababu havikuruhusiwa kushindana na wengine.

Katika ulimwengu huo ndimo alimozaliwa Eddie Robinson, tarehe 13 Februari 1919, mjini Jackson, Louisiana, mtoto wa mkulima aliyelima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno na wa mama aliyefanya kazi katika nyumba za watu. Alisoma Leland College, akahitimu mwaka 1941, na shahada yake isimpatie kazi bora kuliko ya kinu cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge, kwa ujira wa senti 25 kwa saa. Mwaka huo huo Ralph Waldo Emerson Jones, mkuu wa chuo kidogo cha Weusi kaskazini mwa jimbo, ambacho baadaye kilipata jina la Grambling, akamwajiri kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi. Kwa fedha hizo hakutakiwa kufundisha mpira peke yake: alifundisha na michezo mingine, alichora mistari ya uwanja kwa mkono wake, na aliwaandikia wenye magazeti habari za mechi kwa kuwa hapakuwa na mwandishi aliyetumwa kuzitazama. Timu iliposafiri, alitengeneza mikate ya kula njiani, maana mikahawa ya barabarani haikuwahudumia Weusi.

Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 3 akashindwa 5. Msimu wa pili, wa mwaka 1942, alishinda mechi zote 9, wala hapakuwa na timu iliyopata hata pointi moja dhidi yake. Vita Vikuu vya Pili vikakatiza mchezo chuoni hapo mwaka 1943 na 1944, kisha akarudi, na hakuondoka tena mpaka mwaka 1997. Akawa ametumikia chuo kimoja kwa misimu 55 ya mechi, ameshinda 408, ameshindwa 165, ametoka sare 15, na ametwaa ubingwa wa jumuiya ya SWAC mara 17.

Rai ya kwanza: hesabu ndiyo hakimu

Wenye rai hii husema kwamba mchezo, tofauti na mambo mengine ya wanadamu, una fadhila ya kutoa hukumu iliyo wazi: mwisho wa mechi mmoja ameshinda na mwingine ameshindwa, na mtu aliyeshinda mara 408 katika kipindi cha marais wa Marekani kumi na mmoja, kuanzia Roosevelt hadi Clinton, hahitaji wakili wa kumtetea. Nguvu ya hoja hii ni insafu yake, kwa kuwa haiulizi rangi ya mtu wala ukubwa wa chuo chake. Na kwa Mweusi wa Louisiana, ambaye mahakama, benki na sanduku la kura vyote vilikuwa na njia za kumnyima alichostahili, ubao wa pointi ulikuwa miongoni mwa mahali pachache palipomwandikia haki yake. Ndiyo maana tarehe 5 Oktoba 1985, Grambling ilipoifunga timu ya chuo cha Prairie View mjini Dallas na Robinson akatimiza mechi 324, akimpita kwa moja Paul Bryant wa Alabama aliyekuwa ameshikilia nafasi ya juu, Weusi wengi waliipokea habari ile kama ithibati ya jambo walilolijua siku zote ila hawakuwa na karatasi ya kulithibitishia.

Lakini rai hii ina ila mbili. Ya kwanza ni kwamba jumla huthamini muda kuliko ubora. Jake Gaither, aliyefundisha Florida A&M, chuo kingine cha Weusi, tangu mwaka 1945 hadi 1969, alishinda mechi 203, akashindwa 36 na kutoka sare 4, yaani zaidi ya asilimia 84 ikiwa sare itahesabiwa nusu, ambapo Robinson kwa hesabu hiyo hiyo anapata asilimia 71 hivi; basi anayetegemea hesabu sharti aeleze kwa nini achague hesabu hii aache ile. Ila ya pili ni kwamba hesabu yenyewe imo mikononi mwa wenye mamlaka ya kuiandika, kama yalivyodhihirisha mambo ya mwaka 2012 na 2015. Kitu kinachoweza kufutwa na kurejeshwa kwa barua ya ofisini hakiwezi kuwa hakimu wa mwisho wa kazi ya mtu.

Rai ya pili: wapinzani hawakuwa na kimo

Rai ya pili husema kwamba ushindi hupimwa kwa nguvu ya aliyeshindwa. Miaka mingi ya Robinson ilipita kabla Grambling haijaingia daraja la kwanza la NCAA, na daraja hilo lilipogawanywa mwaka 1978, chuo chake kikawekwa katika tabaka la pili. Kwa hiyo, husema wenye rai hii, kumlinganisha na Bryant, aliyekabiliana kila wiki na vyuo vyenye mali na viwanja vya makumi ya maelfu ya watu, ni kulinganisha visivyolingana. Hoja hii haipuuziki. Tofauti ya daraja ni jambo la kweli katika kila mchezo, na hoja hiyo hiyo ndiyo itumiwayo kumwekea Gagliardi mipaka, maana sehemu kubwa ya mechi zake ni za daraja la tatu. Asiyeikubali juu ya Robinson hana budi asiitumie juu ya Gagliardi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inamtoza mtu gharama ya ukuta asioujenga. Robinson hakuwakwepa wenye nguvu, alizuiliwa. Mwaka 1956 bunge la Louisiana lilipitisha sheria iliyoharamisha Weusi na Wazungu kushindana katika mchezo mmoja, sheria ambayo haikubatilishwa mpaka mahakama za Shirikisho zilipoingilia kati, na Mahakama Kuu ya Marekani ikauthibitisha ubatilisho huo mwaka 1959. Hata baada ya hapo chuo kikuu cha jimbo, LSU, hakikuwa na mchezaji Mweusi katika timu yake kuu ya mpira hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Fauka ya hayo, utengano ulizipunguzia uzito mechi za pande zote mbili: ikiwa Robinson hakucheza na walio bora wa Wazungu, basi na Bryant, kwa miaka mingi, hakucheza na walio bora wa Weusi wa Kusini, kwa kuwa jumuiya ya vyuo vyake haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja uwanjani mpaka mwaka 1967. Swali la daraja huulizwa aghalabu kwa upande mmoja, na hapo ndipo linapoacha kuwa swali la mchezo likawa mazoea ya kudhani kwamba cha Weusi ni pungufu mpaka kithibitike.

Tena kuna ushahidi wa nje. Mwaka 1949 Paul Younger, aliyeitwa Tank, alitoka Grambling akaingia Los Angeles Rams, akawa mchezaji wa kwanza wa chuo cha Weusi katika ligi ya kulipwa ya NFL. Na mwaka 1963 Buck Buchanan alichaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa ligi ya AFL, mbele ya vijana wote wa vyuo vyote vya nchi. Wachezaji zaidi ya 200 waliopita mikononi mwa Robinson walifika kwenye mpira wa kulipwa, na wanne, Willie Davis, Buchanan, Willie Brown na Charlie Joiner, wakaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Timu zenye watu kama hao, zikicheza na timu za vyuo jirani vilivyokuwa vikiwavuna vijana kutoka shamba lile lile, haziwezi kusemwa kuwa zilishinda dhidi ya wanyonge.

Rai ya tatu: watazamwe watu

Rai ya tatu ndiyo aliyoipenda Robinson mwenyewe. Alikuwa akipita mabwenini alfajiri akipiga kengele kuwaamsha vijana waende darasani. Aliwataka wavae tai, wahudhurie ibada na wahitimu masomo. Na kijana aliyetaka kuachishwa mchezo na baba yake kwa sababu ya pamba, mwalimu alikwenda na timu shambani kuivuna ili kijana aweze kurudi. Mfano ulio dhahiri wa kazi yake ni ule wa nafasi ya kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kutoa amri uwanjani, nafasi ambayo timu za kulipwa ziliwanyima Weusi kwa dhana ya dhuluma kwamba hawana akili ya uongozi, zikawahamishia kwenye nafasi za mbio na nguvu. Robinson alimwandaa James Harris kwa miaka minne awe kwotabeki, wala asikubali kuwa kitu kingine. Na mwaka 1969 Harris akaanza msimu na Buffalo Bills katika nafasi hiyo, jambo ambalo hakuna Mweusi aliyelifanya kabla yake. Miaka 19 baadaye, Januari 1988, mwanafunzi mwingine wa Grambling, Doug Williams, aliiongoza Washington kuifunga Denver pointi 42 kwa 10 katika fainali ya ligi, Super Bowl, akarusha mipira minne ya kufunga katika robo moja ya mchezo, akatangazwa mchezaji bora wa mechi, na ile dhana ikakosa mahali pa kusimama.

Nguvu ya rai hii ni kwamba inautazama ualimu kwa jina lake. Ila zake ni mbili. Kwanza, kuhesabu walioingia ligi za kulipwa ni kurudi kwenye hesabu kwa mlango wa nyuma, maana 200 ni wachache mbele ya vijana wote waliopita chuoni hapo, na wale waliokuwa walimu wa shule, makasisi na mafundi katika miji midogo ya Kusini hawana jumba la heshima. Pili, malezi yale yalikuwa na mipaka ambayo hata wakati wake ilihojiwa. Robinson aliamini kwamba bidii, subira na uzalendo vitamfungulia Mweusi milango. Hakuwa mtu wa maandamano, na kizazi kipya cha miaka ya 1960 kiliona kwamba subira hiyo imezidi. Mwaka 1967 wanafunzi wa Grambling waligoma wakidai kwamba chuo kimeutukuza mpira kikasahau elimu, na wanajeshi wa akiba wa jimbo wakawekwa tayari. Dai lile lilikuwa zito, na chuo ambacho jina lake linavuma kwa mpira kitakuwa na deni la kulijibu kila kizazi.

Haki iliyokuja na gharama

Hapa pana jambo gumu kuliko yote, ambalo rai zote tatu hulipitia pembeni. Ule ukuta uliomnyima Robinson mshahara, viwanja na wapinzani, ndio uliompa wachezaji, kwa kuwa kijana Mweusi wa Louisiana, hata awe na kipaji namna gani, hakuwa na mlango mwingine karibu ila wa vyuo vya Weusi. Ukuta ulipoanguka, na ilipasa uanguke, vyuo vikubwa vya Wazungu vilikuja kwa mali zao vikawachukua vijana hao. Septemba 1970 chuo cha USC kiliifunga Alabama pointi 42 kwa 21 mjini Birmingham, kijana Mweusi Sam Cunningham aking'ara. Na ingawa mabadiliko yalikwisha kuanza kabla ya siku ile, baada yake hapakuwa na mwalimu wa Kusini aliyeweza kujifanya haoni.

Walakini milango ilifunguliwa kwa wachezaji, si kwa walimu wao. Willie Jeffries, aliyetoka South Carolina State, alipata kuiongoza timu ya daraja la juu kabisa, Wichita State, mwaka 1979, akiwa Mweusi wa kwanza. Na jumuiya ile aliyofundishia Bryant, SEC, haikuajiri mwalimu mkuu Mweusi wa mpira mpaka Desemba 2003, ilipomchukua Sylvester Croom. Shule nyingi za sekondari za Weusi, zilizokuwa chemchemi ya wachezaji na makazi ya walimu wa aina ya Robinson, zilifungwa au zikamezwa, na walimu wakuu wakafanywa wasaidizi. Usawa ulichukua mali ya upande mmoja ukaipeleka upande wa pili, pasipo kuuchukua na uongozi pamoja na mali.

Grambling ilijaribu kujibu kwa njia ya soko: iliitembeza timu na bendi yake katika viwanja vikubwa vya miji, na kuanzia mwaka 1974 ikaweka mechi ya kila mwaka dhidi ya chuo cha Southern mjini New Orleans, iitwayo Bayou Classic, ambayo hadi leo huwakusanya maelfu ya watu. Jibu hilo lilileta jina na fedha kiasi, lakini halikuziba pengo. Mwezi wa Oktoba 2013 wachezaji wa Grambling walikataa kusafiri kwenda kucheza na chuo kingine cha Weusi, Jackson State, wakilalamikia ubovu wa majengo na safari ndefu za basi, na mechi ikapotea bila kuchezwa.

Kukaa na kuondoka

Limebaki suala la hatima. Misimu mitatu ya mwisho ya Robinson, tangu 1995 hadi 1997, yote ilikuwa ya kushindwa zaidi kuliko kushinda. Mwaka 1996 palikuwa na mpango wa kumwondoa, umma ukalalamika, gavana wa jimbo akaingilia, na mzee wa miaka 77 akapewa msimu mmoja wa kuagana. Wako waonao kwamba alikaa kupita kiasi, akamwachia mrithi wake, ambaye alikuwa Doug Williams mwenyewe, kazi ya kujenga upya. Wengine huona kwamba chuo kisichokuwa na hazina kilimtumia mtu mmoja kuwa hazina, na kwamba lawama ni ya chuo kabla haijawa yake.

Mfano wa kinyume umetokea karibuni. Mwalimu Mweusi Deion Sanders aliajiriwa na Jackson State mwaka 2020, akatwaa ubingwa wa SWAC mwaka 2021 na 2022, akamvuta Travis Hunter, kijana aliyekuwa akiwaniwa na vyuo vikubwa kabisa, kisha mwisho wa mwaka 2022 akahamia chuo kikubwa cha Colorado, na Hunter akamfuata. Aliyekaa miaka 56 alikipa chuo uthabiti, akakiachia na mazoea ya kumtegemea yeye. Aliyekaa misimu mitatu alikipa mwangaza mkubwa, akaondoka nao. Si haki kumlaumu mtu kwa kupokea mshahara ulio bora, wala si haki kudai kwamba mwalimu Mweusi peke yake ndiye apimwe kwa sadaka. Lakini ni dhahiri kwamba hakuna katika njia hizi mbili iliyoponya ufukara wa vyuo vyenyewe.

Kuzipima rai

Rai ya kwanza yafaa ikubaliwe kwa ushahidi wake na ikataliwe kwa mamlaka yake: mechi 408 ni kweli isiyokanushika, lakini nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu katika orodha ni jambo dogo. Rai ya pili yafaa itumike kwa tahadhari, na kwa pande zote mbili, ama isitumike kabisa. Anayepunguza mechi za Robinson kwa sababu ya utengano na asipunguze za mabingwa wa Kizungu wa zama zile, hapimi mchezo. Rai ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli, kwa sharti kwamba isigeuzwe kuwa faraja. Kumsifu mtu kwa kutengeneza mengi kutoka machache ni sifa njema, lakini sifa hiyo ikirudiwa mno huwafariji waliomnyima, wakaona kwamba ufukara ulikuwa chuo cha adili na si dhuluma.

Kipimo ninachokiona kuwa cha haki ni kuuliza mambo mawili kwa pamoja: mtu alifanya nini kwa alichopewa, na ni nani aliyempa hicho tu. Kwa swali la kwanza Robinson anasimama pamoja na walimu wakubwa kabisa wa mchezo wowote, kwa kuwa aliwaandaa vijana kwa nafasi ambazo nchi yao ilikuwa haijakubali kuwapa. Kwa swali la pili hukumu inaliangukia jimbo lililompa dola 63.75, sheria zilizomfungia uwanja, na vyuo vilivyowachukua wanafunzi wake wasiwatake walimu wenziwe.

Muhtasari

Kwa ufupi, majibu matatu ya swali la nani ameshinda mechi nyingi yanatokana na madaraja matatu na kanuni tatu za kuhesabu, na yote yanaweza kuwa sahihi pamoja bila ya kumhukumu Robinson. Utengano ulimpa wachezaji ukamnyima mengine yote. Usawa uliwapa wachezaji wake milango ukakiacha chuo chake bila nguvu kiliyokuwa nayo. Na muda wake mrefu ulikuwa fadhila na udhaifu kwa wakati mmoja. Anayetaka kuiheshimu kazi ile leo, basi, asijishughulishe sana na kubishana juu ya mechi moja iliyo baina ya 408 na 409. Na atazame vyuo vya Weusi vilivyobaki, aulize vina mabweni ya namna gani, vinawalipa walimu wao nini, na ni wangapi kati ya walimu hao wanaoitwa kuongoza timu za vyuo vikubwa; kwa kuwa masuala hayo ndiyo yaliyoamua kazi ya Robinson, na ndiyo yatakayoamua kazi za watakaomfuata.